Matope ya Namba Tatu

Miaka kumi na mmoja nimemfulia Gethin Prosser,
beki wa kushoto, jezi namba tatu.
Uwanjani sikwenda. Matope yalinisimulia.
Paja la kushoto jeusi: kateleza, kauchukua mpira.
Mgongo mweusi: winga kampita,
na Jumatatu hanisalimu.

Matope ya bonde letu yana vumbi la makaa.
Mgodi ulifungwa, kilima cha taka kikaota nyasi,
ila mvua ikinyesha (na lini Welisi hainyeshi?)
weusi hurudi juu kama deni.

Kisha goti. Ugenini, mwezi wa pili,
mbele ya watu mia sita na mbwa mmoja.
Dakika ya nne:
bukta ikanirudia karibu safi.
Niliikung'uta, nikajua.

Sasa ni kocha wa vijana. Koti refu, filimbi,
mifukoni vikaratasi: mishale, majina,
risiti ya chipsi,
na jina moja, Ianto,
limekatwa, likaandikwa tena, likakatwa.
Misimu minne koti halina doa.
Nalipiga pasi tu, naona haya kumtoza.

Jana kaleta suruali, anachechemea,
anaguna kwa Kiwelisi, lugha yake ya maumivu.
Tope toka goti lile lile hadi pajani.
"Nilikuwa namwonyesha Ianto
namna ya kuanguka."
"Kaelewa?"
"Hata. Kacheka sana."

Nimeiloweka.
Kuisugua, bado.