Mgeni Kahama Jembe Mkononi

Saa saba usiku, Chumbageni. Chumba cha seva
kina baridi ya kukopa; nje lami ingali inatema joto la mchana.
Feni ya mwenyeji wa kwanza inakoroma tangu Jumatatu,
si koromo la mtu aliyelala,
ni la mtu anayetafuta hewa.

Namwita mwenyeji kwa kuwa ndilo jina lake kazini:
chuma, umeme, nafasi.
Na ndani yake mgeni,
mashine isiyo na mwili, isiyo na hata msumari,
inayojiona kompyuta kamili.
Siku ya tatu mpe jembe, walisema.
Huyu tulimpa siku ileile aliyofika.
Miaka minne analima daftari la damu:
chupa ngapi, kundi gani, nani kapewa, nani angoja.

Na sasa hivi analima.
Ng'ambo ya mji, wodi ya wazazi, Mwanjaa anabonyeza:
O hasi, chupa mbili, haraka.
Simu yake inanikuta kidole kiko juu ya kitufe.
"Singano, usinizimie mtambo."
"Sizimi. Nahamisha."
"Wenzako wote husema hivyo."

Nilipokuwa darasa la tatu tulihama
kutoka Barabara ya Tisa kwenda ya Kumi na Sita.
Mama alikuwa na maharage motoni
na mwenye nyumba hakutaka kungoja yaive.
Kaka zangu wakalibeba jiko kwa matambara mabichi,
mkaa unawaka, sufuria juu yake,
wakavuka mitaa saba,
na mama ubavuni, mwiko mkononi, akikoroga.
Tuliyala nyumba ya pili.
Hakuna aliyeonja mpaka.

Nabonyeza.
Ghala la diski halisogei, wenyeji wote wawili wanalifikia;
kinachosafiri ni kumbukumbu,
ukurasa kwa ukurasa ndani ya waya wa buluu.
Lakini mgeni hatulii.
Ukurasa niliokwisha kuuvusha
ameuandika upya, wino mbichi.
Naurudia. Kachafua mwingine.
Elfu tisini zimebaki. Elfu kumi na mbili. Mia nane.
Mia tisa: Mwanjaa kaandika jina la mtu.
Mia tatu.
Jasho linanitoka katika baridi ya kukopa.

Halafu lazima asimame.
Hili sikumwambia Mwanjaa.
Kwa kipande cha kupepesa jicho
mgeni hayupo popote:
wa kwanza kamwachia, wa pili hajampokea,
na neno "haraka" limening'inia
bila mtu wa kulisoma.
Vitabu vinasema milisekunde sitini.
Vitabu havijawahi kukaa hapa saa saba usiku.

Kisha mwenyeji mpya anapiga mbiu mtandaoni:
fulani yuko kwangu, barua zake leteni huku.
Taa ya kijani. Nyingine.
Nampigia.
"Umeona kitu?"
"Nione nini? Damu imeshatoka friji.
Wewe unahamisha lini?"

Waja leo, waondoka leo,
twajisifu hivyo Tanga, kwamba mgeni akifika hang'oki.
Huyu kaja leo, kaondoka leo,
wala hakuinua kichwa shambani.

Nikamzima mwenyeji wa kwanza.
Feni ikazunguka kwa mazoea tu,
ikapungua, ikanyamaza.
Nikamfungua kwa bisibisi:
vumbi la miaka minne, mende mmoja mkavu.
Barabara ya Tisa tuliacha duara la jivu sakafuni,
nililiona tena nilipopita kuchukua mpira wangu.
Hapa nimemulika tochi kila pembe.
Hata jivu.

Feni mpya ni elfu arobaini.
Ombi nitaliandika asubuhi.