Barabara ya Bi Kazija

Ramani inasema hapa pana barabara,
upana wa mita kumi na mbili,
mtaro kila upande, miti,
na kituo kidogo cha afya penye kona.

Mimi nilishika ncha moja ya utepe.
Pandu, mpimaji, akashika nyengine,
macho kayazamisha karatasini.
Tukaanzia kwa fundi cherehani,
tukapenya ubavu ubavu
kwenye uchochoro ambao jeneza hupita kwa kuinamishwa
(Mtopepo hata maiti hukunja kona)
tukatokea mlangoni kwa Bi Kazija.
Yuko juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Samahani bibi, tunatafuta barabara."

"Ingieni. Viatu tu mvue.
Ndiyo hii. Jiko liko katikati yake.
Mwaka wa ishirini na sita huu naipikia."

Akainua godoro, akatoa karatasi:
kipande cha shamba la Mzee Ussi, katika zile eka tatu,
hatua ishirini kwa kumi na tano,
minazi miwili, mmoja ushakufa.
Mashahidi wanne. Sahihi ya sheha.

"Hatua za nani?" Pandu akauliza.

"Za marehemu mume wangu.
Na alikuwa mrefu."

Nikachovya brashi.
Ukuta ulikuwa na alama zake tayari:
watoto wamepimwa kimo kwa mkaa,
Mcha juu, Rukia, kisha Sabiha chini kabisa,
na mstari wa kahawia, wa masika ya mwaka juzi,
umepita juu ya Sabiha.

Nikatafuta pa kuchora X.

"Hapo hapo," alisema, "usione haya.
Maji yenu kila mwaka huja na ramani hiyo hiyo.
Hupita mle mle mlimochora,
hayapotei njia, hayaulizi mtu.
Nyinyi ndio mliochelewa."

Pandu alikunja ramani, ikakataa mikunjo yake ya zamani.
Tukapewa chai. Tukanywa,
barabarani, miguu peku.

Magharibi nilifika kwangu, Tomondo.
Rangi nyekundu imeganda kwenye kucha,
nikasukuma mlango kwa kiwiko nisiutie doa.
Hati sina. Kibali niliambiwa nije kesho,
mwaka wa tisa sasa.

Kabla ya kulala nikatoka na tochi,
nikahesabu hatua hadi ukutani kwa jirani.

Moja na nusu.
Na mimi si mrefu.