Gauni au Sanda

Wekeni karatasi chini.
Leo tunasoma kwa Bi Somoe wa Kitangari,
aliyekubali kukaa kwenye kiti cha mapokezi
atazamwe na watu kumi na wawili
kama korosho inayosubiri kupangiwa daraja.

Urefu wake hatuupimi kwa kumsimamisha.
Mgongo umeshajikunja, na ukuta hausemi kweli
kwa mtu aliyeinamia jembe maisha yake yote.
Tunaliuliza goti:
likunjwe pembe mraba,
ubao chini ya kisigino, ubao juu ya paja.
Mfupa huu haujui uzee.

Sasa mkono wa kushoto. Shaibu, njoo wewe.
Mkunje kiwiko. Tafuta ncha ya bega,
tafuta ncha ya kiwiko,
katikati yake tia nukta ya kalamu,
kisha mwache aushushe, ulegee.

Shaibu akazungusha utepe.
Bi Somoe akamgeukia:
"Fundi, hilo gauni au sanda?"

Darasa likacheka, kicheko kikakatika.
Chuoni hawakunifundisha jibu.
"Gauni, bibi," nikasema.
"Basi acheni pindo. Huenda nikanenepa."

Usikaze, nyama ya uzeeni hubonyea.
Usilegeze, utapima upepo.
Na utepe huu ncha imekatika:
anzia kwenye kumi, kisha uitoe.

"Ishirini na mbili," Shaibu akasoma.
Nikainama nami. Ishirini na nusu.
Akajua kwamba nimejua.
Ni jirani yao huyu,
ndiye aliyemnywesha uji wa mtama
mama yake alipolazwa Ndanda,
naye alitaka kumrudishia kidogo,
walau kwenye fomu.

Mwanangu, sentimita ya huruma haisongi ugali.
Ukimnenepesha hapa
unga utapita mlangoni kwake usibishe hodi.
Futa.
Akafuta, akaandika, kalamu ikatoboa karatasi.

Kigimbi, ishirini na nane.
Hiyo hakuna aliyeisoma kwa sauti.

Likabaki swali la mwisho, lisilohitaji utepe:
"Jana usiku, bibi, mlikula nini?"
"Ming'oko."
Akavuta kanga, akafikiri.
"Wajukuu walikula. Mimi ndiye niliyechemsha."

Nilipochukua pamba nimfute wino mkononi
akaurudisha mkono kifuani.
"Iache nukta yenu.
Mkirudi na huo unga
msihangaike kunitafuta upya."