Vigingi Vitano

Bei ilikuwa ndogo mno, Shomari, nawe hukuuliza kwa nini.
Ulisimama juu ya kilima, Pittsburgh yote chini yako,
mito miwili ikikutana na kuzaa wa tatu,
ukanyoosha kidole hewani: jiko hapa, baraza pale,
chumba cha mama, dirisha likitazama madaraja.
Mimi nilikuwa natazama miti.

Miti ya pale haikusimama kama watu wenye amani.
Kila shina lilitoka ardhini likilalia bondeni,
kisha likajikunja, likatafuta mbingu,
kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni
akajirudi bila kusema neno.
Uzio wa jirani nao umeinama.
Ngazi za saruji za manispaa zimeachana na ukuta;
mkono wangu uliingia kwenye ufa hadi kifundo.

Ukanicheka. Kwetu Lushoto, ukasema,
watu wanajenga kwenye mgongo wa mlima
na hakuna nyumba iliyowahi kuaga.
Lushoto unaijua kwa nyayo, nikakujibu.
Hapa hata jina la udongo hulijui.

Jumanne akaja Loretta Sobczak na gari lenye keekee ndefu.
Mwanamke mfupi, buti za matope, penseli nyuma ya sikio.
Hakuitazama mito hata mara moja.
Futi nne: kifusi. Matofali, chenga za makaa, kijiko cha mtu.
"Nusu ya kilima hiki kimemwagwa," akasema, "hakikuzaliwa."
Futi saba: tope la kijivu, maji yakichuruzika bila haya.
Futi kumi na moja akanyamaza, akaniita.

Akanipa donge jekundu, jekundu kama ini.
Libane kwa dole gumba, lisukume juu ya kidole cha shahada.
Likatoka utepe mrefu, laini, usiokatika,
ukaning'inia kama ulimi.
"Likikauka ni jiwe. Likinywa maji ni sabuni."

Usiku ule Salha alitia udongo kwenye chupa ya siagi ya karanga,
akajaza maji, akatikisa, akaiweka dirishani.
Mchanga ulishuka kabla hujavua koti.
Ule mwekundu ulikaa siku tatu ukielea,
kama mgeni asiyejua mlango uko wapi.

Ripoti ya Loretta ilikuwa kurasa tisa.
Ulisoma ya mwisho tu, penye fedha:
nguzo kumi na nne hadi kwenye mwamba,
mtaro wa kukinga maji nyuma, ukuta wa kuegemeza.
Wahenga walituonya, usipoziba ufa utajenga ukuta;
hawakutuambia kuna mahali ukuta unatangulia,
na unauzwa ghali kuliko nyumba.

"Milima inashikwa na Mungu," ukasema.
Ndiyo. Na ndiye aliyeipinda ile miti tuione.

Hukunijibu. Ulichukua nyundo,
ukapigilia vigingi vitano kukata mteremko,
ukavifunga kamba moja, imenyooka kama safu ya swala.
Novemba hiyo. Theluji ikafunika, tukanuniana kwa adabu,
ramani ya nyumba ikabaki imebandikwa kwenye friji
chini ya sumaku ya duka la matairi.

Machi, barafu ilipoyeyuka, tulipanda wote watatu.
Kamba ilikuwa upinde.
Kigingi cha kati kilikuwa kimeshuka peke yake,
wima, bila kuanguka, kama kimetembea.
Ulipiga magoti ukapima kwa mkono:
shibiri moja na vidole viwili.
Ukapima tena.

Tulikula chapati ndani ya gari, madirisha yamefungwa,
Salha akihesabu madaraja kwa sauti,
mito ikimeta mbele yetu vilevile kama siku ya kwanza.
Hukunyoosha kidole.
Breki ya mkono uliivuta mara mbili.