Tiketi ya Jumatatu

Nyamizi amenitumia ujumbe wa sauti kutoka Florensi,
dakika nne na nusu. Nimeusikiliza mara tatu
juu ya baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani,
tangu Cheyo hadi njia panda ya Kwihara.

Anamuuguza bibi mmoja huko, ghorofa ya tano.
Jumapili ya kwanza ya mwezi bibi huenda kwa mwanawe,
na makumbusho siku hiyo hayatozi kiingilio.
Basi akapanga foleni. Saa tatu nzima, baba,
mvua ya kuchekechwa,
na mbele yangu wazee wawili wanagombana kwa mikono.

Ndani, anasema, dhahabu imepakwa vichwani mwa watakatifu
kama sinia zilizosimamishwa.
Mama mmoja kabeba mtoto asiyefanana na mtoto,
ana uso wa karani wa ushirika siku ya malipo ya tumbaku.
(Akacheka hapo. Nami nikacheka, nusura niingie mtaroni.)
Chumba baada ya chumba, hadi nyayo zikawaka,
hadi macho yakashiba, yakaanza kutema.

Kisha akasema lile lililonikaa.
Kila chumba, kwenye kona, kuna mtu na kiti.
Sare ya bluu, funguo kiunoni.
Hakuna anayempiga picha.
Alimwendea mmoja, kwa Kiitaliano chake cha jikoni na dawa,
akamwuliza: wewe unaipenda ipi?
Yule mtu akajibu: miaka kumi na moja sijaitazama hata moja.
Natazama mikono ya watu, isiguse.
"Nikakukumbuka, baba, na kiti chako cha kamba."

Miaka kumi na tisa nimekikalia.
Nawajua mchwa kwa mapito yao,
nyuki wa darini wanahama lini, wanarudi lini
miombo ikichanua.
Nawajua wageni kwa viatu.
Mholanzi mmoja aliupima mlango kwa shibiri, akaandika, akaupima tena.
Nami nasema yale yale,
mlango ni mninga, ukuta ni udongo, tafadhali usiegemee,
hata yamekuwa kama kikohozi cha asubuhi:
hutoka yenyewe.

Jumatatu hatufungui.
Nilikwenda hivyo hivyo, na shati la sikukuu.
Nikakata tiketi kitabuni, nikatia kiingilio cha Mtanzania
kwenye boksi la bati, nikajirudishia chenji.
Nikaingia kama mtu aliyeteremka leo kwenye treni ya Dodoma.
Kiti changu kilikuwa kitupu. Nikakipita.

Chumba cha tatu, nyuma ya kabati la ramani,
pale nisipofika kwa kuwa hapana mgeni afikaye,
jua la saa moja lilikuwa limelala chini, ubavu kwa ubavu na ukuta,
na ukuta ukanyanyuka:
kiganja.

Vidole vitano, cha mwisho kifupi.
Mtu alikuwa akikandika, akateleza, akajishikiza,
na udongo ukamshika naye.
Hapana kibao. Hapana mwaka. Hapana kamba ya kuzuia watu.
Nikainua mkono wangu,
na miaka kumi na tisa ikaniambia,
tafadhali, usiguse.

Nilisimama pale, muda gani sijui.
Nilipotoka, mbuzi wa Msonda walikwisha kuumaliza ua.
Nikaketi mezani, nikafungua kitabu cha wageni.

Jina: Mihambo Kapama.
Atokako: hapa.
Maoni:
kalamu ikakauka; nikaipulizia, nikaitikisa.
Chumba cha tatu. Mkono wa kushoto.
Kabati lisogezwe.