Sifuri Iliyotafutwa

Julai, saa nne usiku, na jua bado halijaamua kuzama.
Nimeinama mtoni, maji yamenifika kiunoni,
uso wangu ndani ya ndoo iliyokatwa kitako ikatiwa kioo.
Hapo chini, kwenye changarawe, wamesimama wima,
weusi, midomo wazi kidogo,
kila mmoja nyumba ya milango miwili isiyo na ukuta.
Kome wa lulu.

Nahesabu kwa sauti. Ukingoni Venla anaandika kwa penseli,
kalamu ya wino hugoma kwenye unyevu.
Mia nne na saba. Mia nne na nane.
Huyu amekufa, usimwandike.
Mwandike, ila upande wa pili.

Profesa Hyttinen alitufundisha kulisoma ganda,
mstari kwa mstari, baridi kwa baridi.
La kwanza nililolisoma mezani, chini ya taa,
mwenyewe alizaliwa nchi hii ikitawaliwa na mfalme wa wengine.
Mdogo kuliko wote niliyempata hai mto mzima
ana miaka hamsini na minane. Anamzidi mama yangu.
Kwenye daftari tunamwita Mtoto.

Msidhani ni wagumba.
Kila Agosti majike humwachia mto mamilioni,
vumbi lenye uhai, na kila chembe itafute trauti,
iumwe na bahati, ing'ang'anie matamvua yake,
ipande samaki kama mpanda farasi hadi masika,
idondoke, ijizike, ipumue miaka mitano kati ya mawe.
Hapo kati ya mawe ndipo matope yanapoikuta,
matope laini kama unga wa rai,
nayo haina hata kidole cha kuyaondoa.

Mzee Kemppinen alikuja na trekta, hakuzima injini.
"Wewe ndiye unayesema tuliua mto?"
"Sijasema. Bado niko sura ya pili."
Alinitazama. Akaitazama ndoo yangu.
Akasema mitaro ile yote ya kinamasi aliichimba yeye na kaka yake,
serikali ikiwalipa kwa mita,
na kwa mita zile alinunua ng'ombe watatu na redio.
Akaondoka.

Wiki iliyofuata alileta kopo la biskuti.
Ndani, karatasi iliyokunjwa mara nane:
kila mtaro, kwa penseli, na mwaka wake pembeni.
"Si kwa ajili ya wadudu wenu," alisema.
"Irja wangu alikuwa akiogelea pale darajani.
Maji yalipogeuka rangi ya chai, akaacha.
Sikumuuliza kwa nini. Nilijua."

Ramani ile ni Kiambatisho cha Tatu.
Programu ya takwimu ilihitaji siku kumi na moja
kuniambia alichoniambia yeye akiwa ameshika usukani.

Desemba, niliitetea tasnifu. Saa nane mchana, giza tupu dirishani.
Mtahini wa nje, mwanamke mwembamba aliyetoka Umeå kwa treni na basi,
aliuliza: "Wachanga wangapi?"
"Sifuri."
"Sampuli ngapi?"
"Mia moja na arobaini."
Akafunua kurasa taratibu, akalamba kidole.
"Basi hiyo ni sifuri iliyotafutwa."
Sijawahi kusifiwa hivyo, wala sijui kama nilisifiwa.

Nilipata nne kati ya tano.
Ukurasa wa arobaini na moja nimeandika: *Kome hawa wanangoja.*
Pembeni, kwa mwandiko wake mdogo ulioinama:
*Una ushahidi gani kwamba wanangoja?*

Sina. Nina magamba kumi na mawili kwenye sanduku la viatu,
nina ramani, nina magoti yanayouma mvua ikikaribia.
Mwezi Mei wataziba mtaro wa kwanza, ule wa mwaka sitini na tatu.
Kemppinen ameomba kuendesha mashine mwenyewe.

Sentensi ile sijaifuta.