Chini ya Mdomo

Afisa wa polisi alipokuja shuleni
tulipangwa mistari kwenye jua la Februari.
Akainua picha ya pafu jeusi kama sufuria ya posho,
akasema: bangi, mairungi, kuba, yote njia ya kaburini.
Tukapiga makofi. Makofi tulifunzwa tangu chekechea.
Mimi nilikuwa na chembe za kuba chini ya mdomo,
zikiwaka polepole kama kaa ndani ya jivu,
na nilipiga makofi kuliko wote.

Usiku ule Ondoma akasimama bwenini,
Ondoma wa kidato cha tatu, aliyepotea muhula mzima
akarudi bila mtu kumuuliza.
Hakuwa na picha, wala kipaza sauti.
Alikuwa na nusu godoro.
"Nusu ya pili niliiuza," akasema, "kule ng'ambo ya Enyau,
kwa vipakiti vinne.
Nikalalia vyuma vya kitanda. Mgongo ukapigwa mistari,
nikawa daftari."
Tukacheka, naye akacheka.
Kisha akasema: "Mama alikuja siku ya wazazi
na karanga kwenye kitambaa.
Kabla sijamwamkia nilikwisha zikadiria bei."

Hapo kila mtu akatafuta la kufanya na mikono yake.

Wakubwa hutuambia, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.
Sisi tulikuwa na miguu mizima
na masikio yaliyochoka.
Usiku ule nilimsikia aliyekwisha vunjika.
Taa ilipozimwa, mtu akatema gizani.
Sijui nani.
Si mimi.

Zikaanza Alhamisi, nyuma ya jiko, penye tangi la maji.
Mwalimu mkuu akataka tuwe na jina, tuwe na fulana.
Ayikoru akamjibu kwa adabu zote:
"Fulana, mwalimu, huonekana kutoka mbali,
na wanaotuhitaji hujificha."
Kwa hiyo hatuna jina.
Hakuna anayesema "acha".
Tunaulizana tu: jana ilikuwaje?
Na jana, ndugu zangu, huwa ndefu.

Ejoyi alikuja Alhamisi tatu.
Ya nne hakuonekana.
Sasa yuko stendi ya Arua, anapakia magunia ya Wakongo,
na nikipita hunirushia jina langu la zamani
kama mtu anayerudisha deni.
Sina jibu. Huwa nasimama kidogo, kisha nakwenda.

Mimi nilitema Alhamisi ya tano.
Msiniite shujaa.
Nilitaka kusema kuhusu baba,
na maneno yangu yalikuwa yakitoka yamevimba,
yakijikwaa kwenye ule unga.
Mdomo mmoja hauwekwi vitu viwili.
Nikatema, nikasukutua,
nikasema.
Ilichukua mpaka kengele ya chakula, na maharage yakapoa.

Leo kuna mtoto wa kidato cha kwanza, Drani,
mdomo wa chini umevimba kana kwamba ameumwa na nyuki.
Amesimama bombani, anasugua sahani
iliyokwisha takata tangu juzi,
sikio lake limeelekea kwetu.

Nimechukua sahani yangu, safi vilevile,
nikaenda kuisugua kando yake.
"Maji ya leo baridi," nikamwambia.
Hakujibu.
Akasogea kidogo, nipate nafasi.